Anayeweka Chuma Mfupani Ana Dhamana ya Mwaka Mzima

Hospitali ikishaweka chuma ndani ya mfupa wa mtu, imechukua dhamana. Dhamana hiyo haiishi mgonjwa anapozinduka, wala anapokabidhiwa magongo na karatasi ya kurudi nyumbani. Kwa miaka mingi wanaofuatilia maambukizi ya vidonda vya upasuaji walimhesabia mwaka mmoja kamili mtu aliyewekewa kifaa mwilini. Mwaka 2013 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilifupisha muda huo hadi siku 90 kwa ajili ya takwimu zake, lakini kila daktari wa mifupa anajua kwamba usaha unaweza kuanza kutoka baada ya miezi mingi ya utulivu. Kwa mgonjwa wa Kanyosha, gazeti hili linashikilia hesabu ya zamani: mwaka mzima.

Tunaitaja Kanyosha kwa makusudi. Ni zoni ya kusini ya Bujumbura, na barabara ya taifa namba 3 iendayo Rumonge inapita humo. Barabara hiyo inabeba mabasi, malori ya mawe na mchanga, baiskeli zenye madumu ya mafuta ya mawese, wanafunzi na akina mama wa sokoni. Machi 2022 serikali ilipopiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya jiji, vyombo hivyo vilisukumwa pembezoni, na Kanyosha ni pembezoni. Hospitali kubwa za umma zinazopokea majeruhi hazikusogea. Mtu aliyevunjika mguu Ruziba au Nyabugete lazima apelekwe kaskazini, avuke mto Kanyosha, kisha Muha, na kama anapelekwa Kamenge avuke na Ntahangwa. Siku ambayo vituo vya mafuta vimekauka, na siku hizo Warundi wamezijua vizuri mno, safari hiyo inaanza kwa kutafuta gari lenye mafuta.

Mfupa unaovunjika mara nyingi katika ajali za pikipiki ni muundi. Upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi peke yake, bila nyama. Ukivunjika kwa kishindo, ncha yake hutoboa ngozi na kugusa lami, mchanga au maji ya mtaro. Jamaa humfunga majeruhi kwa kitenge, wakamketisha nyuma ya gari, na mfupa uliokuwa nje unarudi ndani pamoja na kila ulichokigusa.

Hapo ndipo saa inaanza kuhesabiwa, na si mlangoni mwa hospitali kubwa kama wengi wanavyofanya. Mwaka 1974 daktari Michael Patzakis na wenzake walionyesha kwamba majeruhi wa mivunjiko ya wazi ambao hawakupewa antibiotiki walipata maambukizi kwa asilimia 13.9, na waliopewa sefalotini kwa asilimia 2.3. Mwaka 1989 Patzakis alirudi na ushahidi kwamba dozi iliyotolewa ndani ya saa 3 inalinda kuliko iliyochelewa. Mwaka 2015 watafiti wengine wa Marekani, waliochunguza mivunjiko mibaya zaidi ya muundi, waliuona mpaka huo ukiwa dakika 66. Dakika 66! Kutoka Kanyosha, nusu ya muda huo inaweza kuishia kutafuta gari tu. Kwa hiyo sindano ya kwanza haiwezi kuwa kazi ya daktari bingwa. Ni kazi ya muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu na ajali, na muuguzi huyo anapaswa kuwa na dawa kabatini, maandishi ya wizara yanayomruhusu kuitoa, na mahali pa kuandika saa aliyoitoa. Asipokuwa navyo, lawama si yake. Ni ya aliye juu yake.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Msumari wa ndani ya mfupa, sahani na skrubu ni neema kubwa. Kijana aliyekuwa alazwe miezi akivutwa mguu kwa uzito anaweza kusimama ndani ya siku chache. Lakini chuma hakina damu. Seli za ulinzi hazimo ndani yake, na dawa iliyopita mshipani haimo ndani yake pia. Mwaka 1957 watafiti Elek na Conen waliwadunga watu waliojitolea bakteria wa Staphylococcus ngozini. Ilihitajika idadi ya mamilioni ili jipu litokee, lakini palipokuwa na kipande cha uzi wa kushonea, mamia machache yalitosha. Ikiwa uzi mwembamba unafanya hivyo, tufikirie msumari mrefu kama mfupa wote wa muundi. Bakteria wakiwahi kuukalia uso wa chuma kabla ya seli za mwili, hujitengenezea utando wa ute na kujificha ndani yake. Humo wanaweza kustahimili dawa mara mamia kuliko wanavyostahimili wakiwa huru. Mgonjwa atapewa vidonge, homa itashuka, wiki mbili baadaye itarudi.

Dalili yake ni ndogo, na ndiyo maana inadharauliwa. Kovu linapona vizuri, isipokuwa sehemu moja chini ya goti ambapo panabaki tundu dogo. Asubuhi shuka lina doa la manjano. Mgonjwa analifuta kwa kitambaa, anapaka dawa aliyouziwa dukani, tundu linaziba, anashukuru Mungu. Baada ya mwezi linafunguka tena. Akirudi hospitali anaambiwa chuma kitolewe, mfupa ukwanguliwe, na huenda kipande chake kikatwe. Hiyo ni operesheni ya pili, na mara nyingi inafuatwa na ya tatu na ya nne, na kila moja ina bei yake.

Ni kutokana na udhaifu huu wa chuma kwamba madaktari walianza kuweka dawa palepale inapohitajika. Mwaka 1970, mjini Hamburg, Hans-Wilhelm Buchholz alichanganya jentamaisini katika simenti inayoshikilia nyonga bandia. Kutoka hapo zikaja shanga za simenti yenye dawa, na katika miaka ya 2000 hospitali za Ulaya zikaanza kupata misumari ya muundi iliyopakwa jentamaisini kiwandani, ikiwa na tabaka jembamba linaloyeyuka na kuachia sehemu kubwa ya dawa katika siku za kwanza. Mantiki yake ni sahihi. Mishipa ya damu iliyozunguka mvunjiko imechanika, kwa hiyo dozi ya mshipani inafika pale ikiwa pungufu. Na huwezi kuiongeza utakavyo, maana jentamaisini nyingi katika damu huumiza figo na masikio. Ikiwekwa juu ya chuma, inakuwa nyingi sana mahali padogo na kidogo sana kwingineko mwilini.

Ushahidi upo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la hospitali 5 za Ulaya lenye wagonjwa 256 wa mivunjiko: waliopakiwa vyuma vyao ute wenye antibiotiki hawakupata hata ambukizo moja, na wasiopakiwa walipata 6. Mwaka 2021 jaribio la Marekani lenye wagonjwa 980, waliovunjika muundi karibu na goti au kifundo, lilionyesha kwamba unga wa vankomaisini uliomwagwa kwenye kidonda kabla ya kufungwa ulishusha maambukizi ya ndani kutoka asilimia 9.8 hadi 6.4 katika miezi sita. Hayo ni mafanikio. Lakini takwimu hiyo ya pili isomwe mpaka mwisho: hata waliowekewa unga, zaidi ya 6 katika kila 100 waliugua, na hao walitibiwa katika hospitali zenye maji saa zote, umeme saa zote na kliniki ya marudio. Kama dawa ya juu ya chuma inaacha pengo kubwa hivyo huko, haiwezi kubeba peke yake uzembe wa mahali ambapo maji yanakatika katikati ya zamu.

Kwa nchi zetu, habari iliyo karibu zaidi inatoka Dar es Salaam. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, ilichapisha mwaka 2020 jaribio la wagonjwa 240 wenye mivunjiko ya wazi ya muundi, wakilinganisha msumari wa ndani na vyuma vya nje. Tofauti iliyothibitika katika maambukizi ya ndani na operesheni za kurudia haikuonekana. Makundi yote mawili yalikuwa na wagonjwa walioambukizwa. Badala ya kukunja mikono, timu hiyohiyo iliuliza swali lingine: je, jentamaisini ya kawaida, iliyochanganywa na maji ya chumvi na kudungwa kwenye eneo la mvunjiko baada ya kidonda kufungwa, itazuia maambukizi? Walianza na wagonjwa 100 kupima kama jaribio linawezekana, kisha wakaandaa jaribio kubwa la mamia ya wagonjwa. Dawa hiyo si msumari wa bei kubwa kutoka Ulaya. Ni kichupa kidogo cha miligramu 80 ambacho mfamasia yeyote wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, anakijua kwa macho.

Tunaheshimu sana kazi hiyo, hasa kwa sababu ya nidhamu yake. Muhimbili hawakusema, "dawa ni rahisi, basi tumwage." Walipanga kundi la kulinganisha, wakawafuata wagonjwa mpaka mwaka, wakaandika. Daktari wa Bujumbura anayetaka kutumia antibiotiki ya mahali, na tunadhani wengi wanapaswa kutaka, ana mfano wa kufuata karibu yake, katika nchi jirani.

Kinyume cha nidhamu hiyo ndicho tunachokikataa. Kuna dawa ambazo joto la simenti inapoganda huziharibu, na kuna zinazolistahimili, kama jentamaisini na vankomaisini. Jentamaisini ya majimaji ikichanganywa na simenti badala ya unga, simenti inadhoofika. Unga wa antibiotiki yoyote iliyobaki mezani, ukimwagwa jerahani kwa kukadiria, unaweza kuumiza seli za mfupa bila kuua bakteria aliyekusudiwa. Daktari mpasuaji anayefanya hivyo bila utaratibu ulioandikwa, bila kuandika dozi katika faili, hajamtibu mgonjwa. Amemfanyia majaribio bila ruhusa yake. Nia njema haimwondolei kosa hilo.

Kuna sababu nyingine, na hii tunaomba isomwe polepole. Jentamaisini ndiyo dawa ambayo Shirika la Afya Duniani linaielekeza, pamoja na ampisilini au penisilini, kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu. Ni dawa ya mstari wa kwanza katika wodi za watoto za nchi yetu. Kila jentamaisini inayotumiwa ovyo katika chumba cha mifupa inawafundisha bakteria wa hospitali hiyo kuishinda, na bakteria hawakai wodi moja. Wanahama kwa mikono ya wahudumu, kwa mashuka, kwa vitanda. Daktari wa mifupa hamwoni mtoto huyo, lakini maamuzi yake yanamfikia.

Wapo watakaosema kwamba tunadai mambo ya nchi tajiri. Hapana. Ifakara, Tanzania, hospitali ya Mtakatifu Francis ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 za dunia zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji. Matokeo ya hospitali zote nane, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha matatizo makubwa baada ya upasuaji yakishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo ni karatasi. Mojawapo ya maswali yake ni kama antibiotiki imetolewa katika dakika 60 zilizopita. Kinachotakiwa ni mtu mmoja chumbani mwenye ruhusa ya kuuliza swali hilo kwa sauti, na daktari mkuu mwenye adabu ya kusubiri jibu.

Thika, Kenya, walikwenda mbali zaidi. Katika hospitali ya huko antibiotiki zilikuwa zikitolewa baada ya upasuaji, siku kadhaa, kwa mazoea. Kabla ya upasuaji zilitolewa kwa asilimia 2 tu ya operesheni. Hospitali ikabadili sera yake, dawa ikatolewa kabla ya kisu, na ndani ya wiki 6 ilikuwa asilimia 98. Wakati huohuo antibiotiki za baada ya upasuaji zilishuka kutoka asilimia 99 hadi 10. Dawa iliyotumika ikapungua, na vidonda vikaugua kidogo kuliko awali. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Kila mkurugenzi wa hospitali ya Bujumbura ambaye wodi zake bado zinatoa siku saba za sindano baada ya operesheni safi, na hazitoi ile moja kabla, hana kisingizio cha umaskini. Anatumia zaidi na kupata kidogo.

Kwa hiyo mpangilio wa wajibu ni huu, na hautabadilika hata siku misumari iliyopakwa dawa itakapofika kwa makontena. Kwanza dawa ya mshipani mapema, tangu kituo cha afya. Kisha kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi mengi, na nyama iliyokufa iondolewe yote. Jaribio la kimataifa la FLOW la mwaka 2015 lilionyesha kwamba hata sabuni haina faida juu ya maji ya chumvi, bali wagonjwa waliosafishwa kwa sabuni walirudishwa mezani mara nyingi zaidi. Kisha vifaa vilivyotakaswa kwa mvuke, na mashine yenye rekodi ya kila mzunguko. Kisha maji. REGIDESO, shirika la maji na umeme, wakikata maji, tanki la akiba liwe limejaa, na kama halikujaa, operesheni inayoweza kusubiri isubiri. Juu ya msingi huo ndipo antibiotiki ya mahali, iwe ya kupakwa, ya kudungwa au ya simenti, ina kazi ya kufanya. Mhandisi hapaki rangi ukuta ambao haujajengwa.

Wizara ya Afya ina sehemu yake, nayo si ndogo. Utaratibu wa kitaifa wa mivunjiko ya wazi uandikwe, ukurasa mmoja unaosomeka, kwa Kifaransa na Kirundi, na Kiswahili pale wahudumu wanapokitumia; ubandikwe ukutani kuanzia kituo cha afya. CAMEBU, ghala la taifa la dawa, ihakikishe sefazolini na jentamaisini hazikosekani, maana utaratibu usio na dawa ni karatasi ya ukutani tu. Na wanaotuletea misumari ya msaada kutoka nje, tunawashukuru kwa moyo wote, lakini waulizwe swali moja kabla ya kupokelewa: ni nani atakayewafuatilia watu mtakaowawekea? Mwaka 2015, jiji lilipojaa majeruhi wa machafuko ya kisiasa, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walifungua kituo cha majeruhi Kigobe na kuwatibu bure. Warundi wengi wanatembea leo kwa sababu hiyo. Kituo cha msaada huja na kuondoka. Chuma kinabaki mfupani, na mwenye mfupa anabaki Burundi.

Linalotuumiza zaidi ni fedha. Kadi ya msaada wa matibabu, CAM, iliyouzwa kwa miaka mingi faranga 3,000, ilikusudiwa kumbebea mwananchi wa kawaida asilimia 80 ya gharama. Asilimia 20 ya operesheni moja ni mzigo. Asilimia 20 ya operesheni nne ni shamba lililouzwa. Mwaka 2006 Human Rights Watch ilichapisha ripoti juu ya wagonjwa waliozuiliwa katika hospitali za Burundi kwa kushindwa kulipa, na miongoni mwao walikuwamo waliofanyiwa upasuaji. Aibu ile haipaswi kurudi kwa mlango wowote. Tunasema wazi: ambukizo lililotokea kwenye chuma kilichowekwa na hospitali ni sehemu ya matibabu yaleyale, na gharama ya kuliondoa isidaiwe kwa mgonjwa kama ugonjwa mpya. Hospitali italia. Bima italia. Walie, kisha wakae mezani na wizara wakubaliane nani analipa nini, kwa sababu siku gharama ya usaha itakapowaangukia wao, ndipo watanunua tanki la maji.

Na ili lolote katika haya lijulikane, lazima lihesabiwe. Hospitali inayoweka vyuma na haijui ni wangapi kati ya wagonjwa wake waliotoa usaha haiwezi kujua kama msumari uliopakwa dawa unasaidia au unapoteza fedha. Daftari linatosha, lenye jina, simu mbili, moja ya mgonjwa na moja ya jirani, tarehe na saa ya jeraha, saa ya sindano ya kwanza, aina ya chuma, dawa iliyowekwa juu yake kama ipo, na nafasi ya kujaza wiki ya 2, ya 6, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Mgonjwa wa Kanyosha asiyeweza kulipia usafiri apigiwe simu, na akisema kuna doa kwenye shuka, aambiwe aje siku hiyohiyo na apokelewe bila kuulizwa malipo mlangoni. Tunawataka wakurugenzi wa hospitali zote za Bujumbura zinazoweka vyuma, za umma, za jeshi na za binafsi, wamteue kwa jina muuguzi mmoja wa daftari hilo, wampe simu yenye salio, na wamtengee saa moja kila mwisho wa mwezi kusoma hesabu yake mbele ya madaktari wote wa upasuaji, kuanzia mwezi ujao.